Miaka yangu na pedi ya Wii U: walichorekebisha wao na nilichomalizia mimi

Siku ya kwanza kuishika pedi ya Wii U, ile ya kuchezea yenye kioo katikati iliyokuja na mashine ya gemu ya Nintendo, kilichonivutia kilikuwa mgongo wake, kioo nilikiona baadaye. Vidole vilikuta ukingo ulioinuka ukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, vikatulia chini yake kama vile vimepimiwa. Pedi ina uzito wa karibu gramu 500 na upana unaozidi sentimita 25, lakini nilicheza jioni nzima na viganja havikuchoka. Watu huniuliza kwa nini bado ninayo ilhali utengenezaji wa mashine yenyewe ulisitishwa Januari 2017. Huwa naigeuza na kuwaonyesha huko nyuma kwanza.

Umbo hilo halikuwa la kwanza. Nintendo waliitambulisha pedi hii Juni 2011 katika maonyesho ya gemu ya E3, na ile ya siku hiyo haikufika sokoni. Mahali pa vijiti vya analogi, vile vya kusukuma kwa dole gumba kila upande, palikuwa na vidude bapa vya kutelezesha, ndugu wa kile cha Nintendo 3DS, mashine yao ya mkononi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2012, wakarudi na pedi iliyosukwa upya: vijiti kamili vinavyosimama na kubonyezeka, vitufe vya kujumlisha na kutoa vimehamia kulia chini ya A, B, X na Y, kitufe cha kuendeshea TV kimeongezwa, na vishikio vimefinyangwa upya. Hiyo ndiyo iliyoanza kuuzwa Amerika Kaskazini tarehe 18 Novemba 2012.

Ukilinganisha picha za pedi hizo mbili unaweza kudhani wamebadilisha vitu vidogo tu. Mimi nimecheza 3DS kwa saa nyingi sana, kwa hiyo najua vidole vilipata nafuu wapi. Kidude bapa kinafaa kumtembeza mhusika. Ukitaka kulenga shabaha, au kusogeza kamera nywele moja tu, dole gumba linateleza na kupitiliza pale ulipokusudia. Kijiti kinachosimama kina egemeo. Unakiinamisha kidogo, nacho kinakusukuma kidogo, na mkono unajua umefika wapi bila jicho kwenda kuangalia. Zaidi ya hapo, kijiti kinabonyezeka. Yaani pedi ilipata vitufe viwili zaidi bila mtu kuvitafutia nafasi, na gemu zilizokuwa zinahamishwa kutoka PlayStation 3 na Xbox 360 zilikuwa tayari zimezoea kuwa navyo.

Mpangilio wa vijiti ulinisumbua mwanzoni. Kijiti cha kulia kimekaa juu ya vitufe vinne, wakati pedi nyingi hukiweka chini yake. Wiki ya kwanza nilikuwa nikitaka kuruka naishia kuzungusha kamera. Wiki ya pili nikaelewa. Kitu kipana namna hii, chenye uzito uliogawanyika pande mbili, kinahitaji madole gumba yote mawili yakae kimo kimoja, la sivyo upande mmoja unaanza kuning'inia na kiganja kinalipia. Leo nikishika pedi ya kawaida ndiyo naiona imepinda.

Jambo moja lilipita kwenye usanifu ule mpya bila kuguswa, nalo ni vitufe vya nyuma, ZL na ZR. Hivi ni vya kuwasha na kuzima tu, havina nusu. Kwenye gemu za magari huwezi kukanyaga mafuta kidogo kidogo wala kubana breki polepole kwa kidole cha shahada; ama umebonyeza ama hujabonyeza. Ninapenda sana gemu za magari, kwa hiyo hili linaniuma mpaka leo, na hakuna bisibisi itakayoliponya.

Sasa kioo. Ni inchi 6.2, pikseli 854 kwa 480, kinahisi mgandamizo badala ya mguso mwepesi kama vioo vya simu, tena kinatambua sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Wengi walikidharau kwa sababu hiyo, kwamba huwezi hata kubana picha kwa vidole viwili. Ni kweli huwezi. Lakini kaa na Super Mario Maker ya 2015, gemu ya kujenga mwenyewe hatua za Mario, ukiwa na ile kalamu inayochomekwa nyuma ya pedi. Tofali moja pale kwenye kioo ni dogo kuliko ncha ya kidole. Ukitumia kidole, unaliziba lile lile unalotaka kuliona, unainua mkono kuangalia kama limekaa sawa, unakuta limeangukia safu ya jirani. Kwa kalamu, ncha inashuka, kioo kinabonyea kidogo sana chini yake, tofali linakaa. Unavuta mstari wa matofali kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, unagonga moja katikati kulitoa, adui anapita hapo. Nimewahi kujenga hatua nzima hivyo usiku mmoja bila kusimama. Kwenye kioo cha simu, kwa kidole, kazi hiyo hunitoa jasho.

Kwa hiyo ningepewa nafasi ya kuisanifu pedi hii mara ya tatu, kioo ningekiacha cha mgandamizo. Najua wengi hawatakubali. Ningeongeza mwangaza, na labda pikseli, kwa sababu ramani zenye maandishi madogo zinanilazimisha kuisogeza pedi karibu na uso.

Kuhusu picha kuchelewa, hofu niliyokuwa nayo haikutimia. Mashine inaibana video na kuirusha kwa redio ya gigahatsi 5 moja kwa moja hadi kwenye pedi. Nimecheza gemu za kuruka zinazotaka kubonyeza kwa wakati barabara, TV ikiwa imezimwa, na sikuwahi kuhisi mkono umetangulia picha. TV yangu ya zamani ndiyo iliyokuwa inachelewa, maana nikiweka zote mbili mbele yangu Mario alikuwa anaruka kwenye pedi kabla hajaruka kwenye TV. Kinachoiangusha ni ukuta. Chumbani humo humo, hata mita nane, hakuna tatizo. Weka kuta mbili za tofali katikati na picha inaanza kukatika, kisha sauti, kisha pedi inapoteza mashine kabisa. Usinunue ukidhani utacheza kitandani huku mashine iko upande wa pili wa nyumba.

Nije kwenye betri, maana hapa ndipo mikono yangu ilipoingia kazini. Betri iliyokuja na pedi ni ya mAh 1500 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na muda uliotajwa na Nintendo wenyewe ni saa 3 hadi 5 kwa chaji moja. Fungua kifuniko cha nyuma utashangaa. Betri imekaa ndani ya chumba kikubwa kuliko yenyewe, na pembeni pamebaki nafasi tupu. Baadaye Nintendo waliuza betri ya mAh 2550 inayojaza nafasi hiyo yote, ikafikisha saa 5 hadi 8. Sijaacha kujiuliza kwa nini haikuwa humo tangu siku ya kwanza, maana mlango wake ulikuwa umeshajengwa.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua mtandaoni betri ya muuzaji mmoja iliyoandikwa namba kubwa kupita hata ile ya 2550. Ilipofika ilikuwa nyepesi mkononi kuliko ile ndogo niliyoitoa, na hiyo peke yake ilipaswa kunizuia. Niliifunga. Ikakaa na chaji muda mfupi kuliko ya zamani. Baada ya miezi michache nikagundua pedi inacheza juu ya meza, haitulii bapa. Niliigeuza nikakuta kifuniko cha nyuma kimeanza kupanda upande mmoja. Betri ilikuwa imevimba. Niliizima pedi hapo hapo, nikafungua skrubu taratibu, nikaitoa bila kuichoma wala kuikunja, na nikaipeleka panapopokewa betri chakavu. Ukiona kifuniko cha nyuma cha pedi yoyote kimeinuka hata kwa unene wa karatasi, acha kucheza na acha kuchaji.

Betri ya pili ilikuwa ile halisi ya 2550. Kazi yote ilichukua dakika chache: zima, fungua kifuniko, chomoa plagi ndogo kwa kushika kichwa chake wala si nyaya zake, chomeka mpya, laza nyaya kwenye mfereji wake ili kifuniko kisizibane. Uzito umeongezeka kidogo na umekaa katikati, nyuma ya kioo, kwa hiyo mizani ya pedi haikuharibika. Sasa nacheza jioni nzima na taa nyekundu ya kuonya haiwaki. Pedi ambayo ilikuwa inaishi imefungwa na waya wa chaji imekuwa pedi kweli.

Miaka ilivyopita kijiti cha kushoto kilichoka. Mhusika akawa anatambaa peke yake kuelekea kushoto huku sijamgusa. Fundi niliyempelekea aliweka kijiti kipya, lakini aliporudisha pedi kalamu ikawa haigusi pale ninapolenga, inaangukia pembeni kidogo. Nilirekebisha kwenye mipangilio ya mashine, kwenye sehemu ya pedi, kwa kugonga alama zinazotokea kioo kizima. Fanya hivyo kila baada ya pedi kufunguliwa.

Kwa anayefikiria kununua sasa, itakuwa ya mitumba. Duka la mtandaoni la Wii U lilifungwa kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023, na kucheza kupitia mtandao kulifungwa tarehe 8 Aprili 2024, kwa hiyo tafuta gemu za diski. Jambo kubwa zaidi ni kwamba usichukue mashine bila pedi yake. Katika sehemu kubwa ya dunia pedi hizi hazikuuzwa peke yake, na bila pedi hutafika mbali kwenye mipangilio ya mashine. Hakikisha pia zimetoka kanda moja ya mauzo.

Ukifika kwa muuzaji, mwombe awashe vyote viwili na muunganishe upya mbele yako. Unabonyeza kitufe chekundu kwenye mashine, TV inaonyesha alama nne za karata, shupaza, kopa, uru na pau kwa mpangilio fulani, na unazigonga kwa mfuatano huo kwenye kioo cha pedi. Hapo umeshapima kioo na redio kwa pamoja. Kisha ilaze pedi juu ya meza iliyonyooka, isukume pembe moja kwa kidole uone kama inacheza, na ikiwa imetulia, inyanyue kwa mikono miwili, shika pale kwenye ukingo wa nyuma, na ubonyeze vijiti vyote viwili mpaka usikie vinalia.