Vidude vya waifai havina neno, ila aliyenifungia!

Nianze kwa haki: vidude vyenyewe vya meshi, vile vinavyopokezana waifai chumba hadi chumba, ni vizuri. Ndani ya nyumba, kuanzia sebuleni hadi chumba cha mwisho, mtu anatembea na simu na video haikatiki. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne nikanyamaza.

Lakini sikununua kwa ajili ya sebule. Nilinunua kwa ajili ya chumba cha uani, nyuma ya migomba, ninakofundishia Kiswahili kwa video. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Julai 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu wanaotaka kujinoa hawaishi, na ndio wanaonilisha. Yule fundi wa duka nilimweleza hayo kabla sijatoa shilingi.

Akaja. Kidude cha tatu akakibandika ndani ya chumba kile, chini ya mabati, nyuma ya ukuta wa tofali za kuchoma na dirisha la chuma. Taa ikawa ya kijani, akaanza kukusanya koleo zake. Nikamwambia, "Kijana wangu, subiri nipige simu ya video tuone." Hakuinua hata uso. "Madamu, wewe fundisha Kiswahili, mtandao niachie mimi. Kijani ni kijani." Mbele ya binti yangu!

Jioni ile sura za wanafunzi ziliganda, sauti yangu ikawafikia vipande vipande. Kupiga dukani, naambiwa ninunue cha nne.

Cha nne cha nini? Kidude hakizalishi intaneti, kinapokea kwa mwenzake na kupitisha. Kikipokea makombo kitagawa makombo, hata taa iwake vipi. Mabati na chuma hurudisha mawimbi, na yale ya gigahezi 5, yenye kasi, huchoshwa na kuta mapema kuliko ya 2.4. Haya nilielezwa na kijana mwingine wa hapa hapa Entebbe, aliyepima uwanja kwa hatua kabla ya kufungua mkoba. Akasema waya wa shaba wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100, nasi hatufiki hata nusu, ila kwa radi za huku ziwani afadhali faiba, uzi wa kioo unaopitisha mtandao kwa mwanga, maana kioo hakipitishi umeme kutoka jengo hadi jengo. Akachimba mtaro, akalaza faiba ndani ya bomba, akaweka kila upande kibadilishi kidogo cha kuunganisha faiba na waya wa kawaida, akachomeka kidude kile kile cha tatu. Kile kile! Sasa mvua inapiga mabati nami nafundisha.

Kwa hiyo vidude, nyota nne. Au tatu, maana boksi linaahidi nyumba nzima, na kwetu nani ana nyumba isiyo na uani? Duka nalipatia nyota moja. Hapana, nikikumbuka kijana yule alivyonijibu mbele ya mwanangu, hata hiyo moja naifuta. Pesa ya ufungaji bado naidai, na wiki hii naifuata tena.