Sahani ya mchana kando ya Ngome ya Lamu, kwa mwenye sonona au wasiwasi

Nyota 4 kati ya 5. Mkahawa huu mdogo wa pale sokoni unapika chakula cha kawaida cha Kiamu, lakini ukijua kuagiza, sahani yake inamfaa sana mtu anayepambana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Agiza samaki aina ya una wa kupaka, mbaazi za nazi, mchicha na kachumbari. Una ana mafuta ya omega-3 mengi kuliko changu, na hapa huchomwa kwa makaa, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju. Wa kukaanga mwache. Mafuta ya karai yaliyoiva na kurudiwa hadi yakawa meusi na kutoa povu ndiyo atakayokunywa samaki, huku yake mazuri yakipungua. Mbaazi zimelowekwa na kuchemshwa ipasavyo: ukiibonyeza moja kwa kidole inapondeka hadi ganda. Zisipoiva hivyo hujaza tumbo gesi, na mtu huzikimbia asirudi tena.

Mwaka 2017 mtafiti Felice Jacka na wenzake huko Australia walichapisha jaribio la SMILES, la watu 67 wenye sonona, kwa wiki 12. Katika kundi lililosaidiwa kubadili chakula, kama thuluthi walipata nafuu kamili. Katika kundi lililopewa mtu wa kuzungumza naye tu, asilimia 8. Wale wa kundi la chakula walihimizwa kula samaki angalau mara 2 kwa wiki, jamii ya kunde mara 3 hadi 4, na mboga kwa wingi kila siku. Jaribio lilikuwa dogo, na wengi walikuwa tayari kwenye matibabu. Kwa hiyo tafadhali, usiache vidonge kwa sababu ya mbaazi.

Nyota moja tumeipunguza kwa kipimo: wali mweupe mlima mzima, mchicha vijiko viwili. Omba wali nusu, mchicha maradufu. Soda usiiguse, chupa ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30.

Mwenye wasiwasi aiepuke pia kahawa tungu ya alasiri. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Moyo hudunda, usingizi hukatika, na kesho wasiwasi huamka nawe. Maji ya tangawizi yapo, yaombe bila sukari.

Fika kabla ya saa saba. Una wakiisha, hubaki changu wa kukaanga.