Goma–Bukavu: kulala melini au kulala gesti?

Kutoka Goma hadi Bukavu, miji ya mashariki mwa Kongo kwenye Ziwa Kivu, kwa njia ya maji msafiri ana mawili: meli ya usiku, au kanoti (boti) ya mwendo kasi mchana, saa chache tu, kisha alale gesti Bukavu.

Meli inakuokolea pesa ya chumba. Inaondoka jioni, asubuhi umefika. Lakini usingizi wenyewe! Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa saa tisa usiku unapenya hadi mifupani. Ukikosa kabini ni benchi, kichwa juu ya begi, injini ikikutetemesha meno. Mimi hujifunga vitenge viwili, naziba masikio kwa pamba, na kukaa mbali na ngazi, maana hapo watu hawaishi kupita. Mara ya mwisho jirani yangu alibeba jogoo. Aliwika saa nane.

Gesti? Kitanda hakitikisiki, basi. Omba chumba cha nyuma, mbali na jenereta, ukague chandarua kama kina tundu.

Mwenye mkutano asubuhi apande kanoti. Anayekwenda kuona ndugu, meli yamtosha. Usingizi ataumalizia kwa shangazi.