Arch Enemy walipozirudia nyimbo zao za zamani: uzoefu wangu na The Root of All Evil

CD hii niliinunua kwa kroni 40 kwenye duka la vitu vilivyotumika hapa Göteborg, Uswidi. Muuzaji aliitoa kwenye kasha, akaigeuzageuza chini ya taa, akanihakikishia kuwa ni safi kama imetoka kiwandani jana. Nilipofika nyumbani Bergsjön, wimbo namba saba ukaanza kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Duka silitaji, maana kosa ni langu pia: miwani niliiacha nyumbani. Hiyo moja nimeisikiliza kwenye simu, zilizobaki nimezisikiliza kwenye CD, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyemaliza sahani yote.

CD yenyewe ni The Root of All Evil ya Arch Enemy, iliyotoka mwaka 2009. Kwa asiyewajua, hawa ni Waswidi, bendi ya metali, yaani muziki wa gitaa nzito na sauti za kunguruma, iliyozaliwa katikati ya miaka ya 90 huko Halmstad, mji wa pwani ulio kusini mwa hapa. Mwanzilishi ni Michael Amott, mpiga gitaa aliyekuwa ametoka bendi ya Carcass ya Uingereza, na pembeni yake akamweka mdogo wake, Christopher. Albamu tatu za mwanzo, yaani Black Earth ya 1996, Stigmata ya 1998 na Burning Bridges ya 1999, mwimbaji alikuwa Johan Liiva. Mwaka 2000 Liiva akatoka, akaingia Angela Gossow, dada wa Kijerumani, na hapo ndipo bendi ilipopaa. Kwa miaka kama minane dada huyu akawa anaziimba nyimbo za Liiva jukwaani tu. Hatimaye wakachagua 12 za enzi ile, wakaziingiza studio upya: ngoma, besi, gitaa zote mbili, sauti. Hapa hatuzungumzii kanda ya zamani iliyofutwa vumbi. Wamepiga upya kila kitu.

Nijitambulishe kidogo, ili ujue masikio yanayokuhukumia. Mimi si mtoto wa metali. Nimekulia Tanga, nyumba ya dansi, na baba yangu alikuwa mtu wa kuzima redio bendi ikipiga upya wimbo ambao mwimbaji wake ameshafariki. "Hiyo ni nguo ya marehemu," alikuwa anasema, "mwache nayo." Metali nimefundishwa ukubwani, na mzee mmoja Mswidi ninayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha mikate. Namwita mzee kwa Kiswahili, na ameshazoea. Wenzake wanamwita kwa jina tu, kama mtoto, mdomo wangu umekataa. Yeye ndiye aliyeniazima zile albamu tatu za zamani, kwa masharti makali kuliko ya benki, nami nikaingilia kwenye gitaa. Mtu aliyezoea kusikiliza solo na ridhim zikizungumza hapotei kwa ndugu hawa wawili. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Tofauti ni kasi na makelele tu.

Kwa hiyo nilikuwa nazijua za zamani kabla ya kuisikia hii, na hilo ndilo limeniharibia au limenisaidia, sijaamua. Nilizihamishia zote kwenye simu, za zamani na mpya, Jumapili nikapanda tramu namba 11 kutoka Bergsjön hadi mwisho wa reli, Saltholmen, kule baharini. Kwenda nikasikiliza mpya mfululizo. Kurudi nikasikiliza zilezile za zamani, kwa mpangilio uleule. Watu wa mji huu wana heshima moja nzuri: hata ukitikisa kichwa peke yako kama umepagawa, hakuna atakayekuangalia.

Tuanze na sauti ya studio, maana hapo ubishi ni mdogo. Albamu zile tatu zilirekodiwa Studio Fredman, hapahapa Göteborg, kwa Fredrik Nordström, mtu aliyezalisha nusu ya muziki uliofanya jina la mji huu lijulikane kwa wapenda metali. Mwaka 1996 bendi ilikuwa changa na Black Earth inasikika hivyo: gitaa zina mchanga, besi inasikika kwa kuviziwa. Hii ya 2009 sauti zilichanganywa na Andy Sneap wa Uingereza, na kila kitu kimepewa kiti chake. Kuna kipande kifupi kinaitwa Demoniality, hakina maneno. Nilikirudia mara nne, kwa sababu hapo hakuna mwimbaji wa kukupotosha na mpiga ngoma ni yuleyule, Daniel Erlandsson. Katika ile ya zamani gitaa mbili zimekumbatiana mpaka huwezi kusema ipi ni ya nani. Katika mpya, moja iko kushoto, moja kulia, na katikati ngoma inapiga kifuani. Ukikisikia hicho kwa hedifoni nzuri, kroni 40 zimerudi.

Nyimbo nyingine za Black Earth zimefaidika hivyohivyo. Dark Insanity na Transmigration Macabre nilikuwa nikizipita haraka kwenye albamu ya zamani, nikiziona za kujazia. Kumbe kulikuwa na kazi ya gitaa chini kule iliyokuwa imefukiwa. Bury Me an Angel ndiyo ninayoigombania na nafsi yangu. Mpya ni nzito, imenyooka, haina kosa. Ya zamani kuna mahali wanakimbizana, kama mtu anateremka mlima na miguu inamtangulia, na mimi napenda ile hofu kwamba wataanguka. Mwaka 2009 hakuna aliyekuwa anaanguka. Walikuwa wameshaipiga mamia ya usiku, mikono inajua njia gizani.

Sasa sauti ya mtu. Liiva si mwimbaji wa kutisha. Sauti yake ni kavu, inakwaruza, ni mtu anayepiga kelele mpaka koo linaisha, na maneno unayasikia. Gossow ananguruma kutoka chini kabisa, kwa nguvu isiyopungua tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomsikia mara ya kwanza, miaka ile, sikuamini kuwa ni mwanamke, mpaka mzee aliponionyesha video. Kwa uwezo, dada anamshinda kaka. Lakini uwezo na kufaa ni mambo mawili. Beast of Man, inayofungua baada ya utangulizi mfupi, ameichukua kabisa na sitaki tena kuisikia ya zamani. Diva Satanica pia, ambayo awali ilikuwa ya nyongeza kwa wanunuzi wa Japani, ukisikia jina lenyewe unaona ilikuwa inamsubiri yeye.

Tatizo ni nyimbo za Burning Bridges. Ile albamu ya 1999 ilikuwa tayari imepigwa na watu walewale: ndugu wawili, Erlandsson kwenye ngoma, Sharlee D'Angelo kwenye besi. Sauti yake ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Sasa ukichukua The Immortal, Dead Inside, Pilgrim, Demonic Science na Silverwing, ukazipiga tena kwa watu walewale, kilichobadilika ni mwimbaji tu, na umebadilisha mwimbaji katika nyimbo ambazo udhaifu wa sauti ya Liiva ulikuwa sehemu ya utamu. Silverwing ndiyo mfano. Ni wimbo mwepesi kuliko yote humu, solo yake unaweza kuipiga mluzi ukiosha vyombo. Liiva anaukwaruza juujuu, gitaa zinapita. Gossow anaukalia, na wimbo unapoteza ile nafasi ya kupumua. Niliurudia kwenye tramu, nikaurudia nyumbani, bado nasema hivyo. Mzee wa kazini yeye anasema kinyume, kwamba Silverwing ya 1999 ilikuwa inaona aibu. Tumebishana mpaka mikate ikakaribia kuungua.

Nikanuna pia kwa uchaguzi wao. Kutoka Stigmata wamechukua mbili tu, wakati albamu ile ndiyo ilihitaji mkono wa pili kuliko zote. Wengi huisahau, ipo kama mtoto wa katikati. Nyimbo nyingi mle ngoma alipiga Peter Wildoer, si Erlandsson, kwa hiyo ingekuwa kusikia kitu kipya kwelikweli. Badala yake tumepewa tano za Burning Bridges ambazo hazikuwa zinaumwa. Na Fields of Desolation, wimbo unaofunga Black Earth, ule ambao mwisho wake gitaa zinaimba mpaka unataka kusimama, haumo kabisa.

Ila hizo mbili za Stigmata, sikatai. Ya kwanza ni ile Beast of Man. Ya pili ni Bridge of Destiny, nayo imewekwa ya mwisho, kama kwenye albamu yake ya mwanzo. Ni ndefu, zaidi ya dakika saba. Ilianza tukiwa tumeshapita katikati ya mji, nyumba zimeanza kupungua. Sehemu ya kwanza nzito, Gossow yuko kazini, sikuwa na la kusema zuri wala baya. Kisha sauti ya mtu inaondoka na Michael na Christopher wanabaki peke yao, wanapokezana taratibu, kila mmoja akimwachia mwenzake noti ya mwisho aishike. Walikuwa wameirekodi mara ya kwanza wakiwa vijana, Christopher akiwa bado mdogo sana. Ya zamani ni tamu, lakini solo zinajaza kila nafasi, kama vijana wanaoogopa kunyamaza. Katika mpya wanaacha nafasi. Kuna noti moja inaning'inia mpaka inakaribia kufa, ndipo ya pili inaingia. Bahari ikaanza kuonekana dirishani. Sikushuka Saltholmen. Nilikaa palepale kwenye kiti, nikairudisha mwanzo.

Kwa upande wa pesa: kama humjui Liiva kabisa, anza hapa, chukua hii bila wasiwasi, itakupa historia ya mwanzo ya bendi katika CD moja yenye sauti safi. Kama tayari unayo Burning Bridges, usinunue kwa bei kamili, subiri mitumba, na uvae miwani. Kama una Black Earth na umewahi kulalamika kuwa husikii besi, nunua hata leo.

Mimi kwenye simu nimetengeneza orodha yangu: za Black Earth nimechukua mpya isipokuwa Bury Me an Angel, Beast of Man mpya, Diva Satanica mpya, Burning Bridges yote ya zamani, Bridge of Destiny zote mbili zikifuatana. Mzee nimemrudishia albamu zake tatu Ijumaa, akazikagua moja moja chini ya taa ya kiwandani kabla ya kuziweka kwenye mkoba. Akaniuliza, na hiyo yako utaniazima lini? Nikamwambia wimbo wa saba unaruka. Akasema hata kama.