Futi, pima maji, uzi: vipimo gani fundi anunue kwanza mfuko ukiwa mwepesi

Kijana mmoja aliyemaliza mafunzo ya uashi aliniomba nimsindikize Gerezani, pale Kariakoo, akanunue vifaa vyake vya kwanza. Alikuwa na hela ya vitu vitatu, labda vinne, na macho yake yalikuwa kwenye leza ya kijani iliyokuwa inamulika ukutani dukani. "Kaka, siku hizi kila fundi anayo," akaniambia. Nikamwomba aiache kwanza. Kwa bei ya leza ile angepata kila kitu ninachokitaja hapa na nauli ya kurudi.

Msimamo wangu ni huu: kwenye vifaa vya kupimia, nunua kile unachoweza kukijaribu mwenyewe palepale kaunta kabla ya kutoa hela. Mwiko mbovu unakuchosha mkono na unaujua siku ileile. Kipimo kibovu kinakuacha ufanye kazi vizuri tu, halafu kinakuumbua siku ya kupiga lipu au kubandika vigae. Ndiyo maana nimevipanga kwa jinsi unavyovihitaji na jinsi ilivyo rahisi kuvihakikisha.

Cha kwanza ni futi kamba ya mita 5. Chukua yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, kwa sababu ramani inakuja kwa milimita lakini mbao utaiagiza mbili kwa nne na tofali la inchi sita. Utepe wa upana wa milimita 25 unasimama hewani bila kupinda ukiwa unapima peke yako; wa milimita 19 ni mwepesi mfukoni ila unadondoka mapema. Karibu na mwanzo wa utepe, futi nyingi zina namba ya Kirumi ndani ya duara. II maana yake kwenye mita 5 kosa lisizidi milimita 1.3. I ni bora zaidi, kosa lisizidi milimita 0.6. III inaruhusu milimita 2.6, nayo kwa seremala wa kabati ni nyingi.

Jaribio la dukani: omba futi ya aina nyingine, zilaze sambamba hadi mita 3, tazama kama mistari inakutana. Kisha shika kile kidude cha chuma mwishoni mwa utepe ukitikise. Kinatakiwa kicheze kidogo, kiasi cha unene wake chenyewe, ili ukikining'iniza kwenye ukingo wa mbao au ukikisukuma ukutani upate kipimo kilekile. Nimeona vijana wanakigonga kwa nyundo kikaze wakidhani kimelegea. Hapo futi nzuri imeshaharibiwa. Na mkianza kazi, anayepima na anayekata watumie futi moja hadi mwisho.

Cha pili watu hushangaa nikikitaja: mpira wa maji. Mpira mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani, mita 10 hadi 15, unauzwa kwa mita kwenye duka lolote la mabomba. Hauna kinachoweza kuharibika ndani yake. Maji yaliyoungana hukaa usawa mmoja huku na huku, hata kona ya nyumba ikikukinga usimwone mwenzako. Usawa wa msingi, wa jamvi (sakafu ya zege), wa linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), wa dari, vyote unahamisha kwa mpira huu, na kwa umbali wa mita 10 sikijui kifaa cha bei ya chini kinachoushinda.

Kosa lake liko kwa mtumiaji. Jaza maji polepole kwa kuyavuta kutoka kwenye ndoo, usitie kwa bomba la presha, kwa sababu kiputo kimoja cha hewa kikibaki katikati vipimo vyote vinapotoka. Kabla ya kila zamu shikanisha ncha mbili pamoja: maji yasipolingana, kuna hewa au kuna mahali mpira umekunjwa. Ukitembea ziba ncha kwa kidole gumba, na ukifika achieni wote wawili, wewe na mwenzako. Mmoja akisahau kidole, maji yanadanganya. Tone la rangi ya chakula linasaidia kuona jua likiwa kali.

Cha tatu, pima maji, yaani rula nene yenye vijicho vya kioo vyenye kiputo ndani. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndicho kilichonigharimu.

Miaka ya mwanzo nilinunua pima maji ya sentimita 60 nikiwa na haraka. Nikaangalia jicho la kulala, linalopima usawa, nikaona liko sawa, nikalipa. Nikajenga nguzo mbili za geti kwa jicho la kusimama, linalopima wima, urefu wa mita 2.4. Geti lilipofungwa likawa linajifungua lenyewe kuelekea barabarani. Niliposhusha timazi, ule uzito unaoning'inia kwenye uzi kuonesha wima, nikakuta nguzo zote mbili zimelala upande mmoja zaidi ya sentimita moja. Jicho la kusimama lilikuwa na kosa la milimita 3 kwa urefu wa kifaa, na kwa kuwa nilikuwa nakishika upande uleule kila mara, kosa likajumlika kozi kwa kozi, yaani kila safu ya tofali. Nilizibomoa na kuzijenga upya kwa hela yangu.

Kwa hiyo jaribu hivi. Weka pima maji kwenye kaunta, chora mstari wa penseli pembeni yake, subiri kiputo kitulie, tazama kimesimama wapi. Sasa igeuze, ncha ya kulia iende kushoto, uiweke kwenye mstari uleule. Kiputo kisimame palepale ukitazama kutoka upande wako. Kaunta ikiwa imeinama haidhuru. Unachotafuta ni jibu moja mara zote mbili. Jicho la kusimama lijaribu kwenye fremu ya mlango wa duka: soma, kisha geuza uso mwingine wa kifaa ugusane na fremu, usome tena. Muuzaji akikunja uso, nenda duka la jirani. Mtaani utakutana na Ingco, Total, Stanley na zisizo na jina; jina halikuondolei kazi ya kugeuza, maana hata nzuri ikidondoka sakafuni huweza kuhama. Sentimita 60 inatosha kuanzia. Ya alumini yenye ukuta mnene ndiyo ya kuchagua, ile ya plastiki hupinda ikiachwa juani.

Uzi na timazi nunua pamoja, bei yake haiumizi. Uzi uwe wa nailoni, rangi ya kung'aa, na ukiuvuta zaidi ya mita 6 weka tofali la kuuinua katikati, vinginevyo unabonyea na ukuta unaufuata. Timazi iwe na uzito wa kueleweka, gramu 300 na kuendelea. Ikiwa ni ile yenye kibao cha kuegemeza ukutani, hakikisha upana wa kibao na wa timazi ni sawasawa. Siku ya upepo iache timazi izame kwenye ndoo ya maji, itatulia.

Skwea, kipimo cha kona ya mraba, naiweka chini makusudi. Ni ya lazima kwa seremala, naye aijaribu kwa kuchora mstari kwenye ubao ulionyooka, kuigeuza na kuchora tena juu yake. Lakini usisetie nayo msingi, yaani usiitumie kupanga kona za nyumba. Skwea ya sentimita 60 ikikosea milimita 1, ukuta wa mita 6 unakosea milimita 10. Setia kwa futi: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mlalo utoe mita 5 kamili. Kisha pima kona kwa kona pande zote mbili, zilingane.

Leza ni ya mwisho. Inafaa kwa vigae na dari za jipsamu ndani ya nyumba, ila nje saa sita mchana mstari wake hauonekani, na nyingi za bei nafuu zenyewe zimeandikwa milimita 3 kwa kila mita 10. Siku utakayoinunua, ipeleke site, imulike kuta mbili zilizo mbali, halafu pitisha mpira wa maji kwenye alama zake.