TAHADHARI: Marmon-Herrington ya "resini halisi" inayozungushwa kwenye makundi ni ya kugushi

Wadau, salaam. Kuna muuzaji anapita kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya wanamodeli, yaani sisi tunaounda magari madogo ya vita ya kuunganisha, Nairobi, Mombasa hadi Dar, anauza gari la deraya la Marmon-Herrington Mk II (toleo la pili) la kipimo cha 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko gari lenyewe, kwa shilingi 9,500 za Kenya. Tangazo linasema ni resini halisi kutoka Ulaya, boksi halijafunguliwa, ndani mna bati la shaba la nakshi (bati jembamba la vipande vidogo vya urembo), mtutu wa chuma, na stika za maji, zile za kuchovya kabla ya kubandika, za kikosi kilichopigana El Wak mwaka 1940. Hapo hakuna hata kimoja cha kweli. Jina lake silitaji, kwanza kwa sababu analolitumia si lake na limeshabadilika. Nitaeleza mali yenyewe, ili hata ikija na jina jingine muijue.

Maboksi matatu yameletwa mezani kwangu na walionunua, kila mmoja kivyake, wakitaka msaada kwa sababu vipande vilikataa kukaa. Ndipo ilipobainika kuwa wote watatu wameuziwa kitu kimoja.

Tuanze na bodi. Geuza kipande cha ubavu wa kushoto uangalie upande wa ndani. Utaona viduara vidogo vimejipanga, kila kimoja kimedidimia kidogo. Aliyejenga modeli za plastiki anavijua: ni alama za vile vijiti vya chuma vinavyosukuma plastiki itoke kwenye kalibu kiwandani. Resini haitengenezwi hivyo. Resini humiminwa kwa mkono kwenye kalibu laini ya silikoni, ikishakauka unaibandua kwa vidole, na hakuna kijiti chochote kinachoisukuma. Kwa hiyo "resini halisi" yenye viduara vya plastiki maana yake ni kwamba mtu alinunua seti ya plastiki ya mwenzake, akaizungushia silikoni, akaanza kufyatua nakala.

Kama hilo halitoshi, tazama kifuniko cha juu ya dereva. Pembeni pana alama ya kidole. Sisemi uchafu wa kidole, nasema mistari yenyewe ya dole gumba la mtu aliyeshika plastiki huku gundi haijakauka. Alama hiyo imo kwenye maboksi yote matatu, mahali palepale, imeinamia upande uleule. Huyo bwana hakusumbuka hata kuipitishia msasa kabla ya kuimwagia silikoni. Ametuuzia dole gumba lake kwa 9,500.

Halafu kuna suala la vipimo. Mk II ilijengwa juu ya chesisi ya lori la Ford, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 134, yaani mita 3.40. Gawanya kwa 35 upate milimita 97. Hii ya kwake nimeipima kwa kalipa (rula ya taya ya kupimia vitu vidogo), ikatoka 95 na nusu. Utasema milimita moja na nusu ni nini? Basi jaribu kuingiza tairi au madigadi uliyoagiza kando kwa ajili ya seti ya kweli uone zitakavyogoma. Resini husinyaa kidogo inapokauka, na silikoni ya bei rahisi nayo husinyaa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kuliko mama yake. Na kila kipande kinasinyaa kwa namna yake: sakafu imepinda, mbavu hazikutani na pua ya gari, na pale zinapokutana panabaki ufa wa kupitisha kadi ya simu. Mmoja wa wenzetu alimaliza chupa nzima ya filla (uji wa kuzibia nyufa) kwenye ufa huo na bado unaonekana.

Chini ya gari ndiyo aibu kabisa. Fahari ya Mk II ni kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Chesisi za Ford zilitoka Kanada, vifaa vya kuzifanya zivute mbele na nyuma vilitoka kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis, Marekani, na deraya ikafungwa Afrika Kusini. Mk I haikuwa na uwezo huo wa kuvuta mbele. Kwa hiyo anayejenga Mk II anataka aione difu ya mbele (bonge la gia linalozungusha magurudumu), na shafti inayokwenda kuishika. Kwenye hii ya kufyatua, difu ya mbele ni bonge tu lisilo na umbo, limejaa mapovu, na shafti imeshikana na chesisi kama imeyeyukia pale. Springi hazina majani, zimekuwa kipande kimoja.

Sasa "nakshi ya shaba". Kwenye boksi la kwanza nilikuta kibati kimekatwa kwa makasi, kingo zimepinda. Nikakigeuza. Upande wa pili una rangi nyekundu na nusu ya herufi nyeupe. Ni mkebe wa soda. Sina ugomvi na mkebe wa soda, mimi mwenyewe hutengenezea madigadi na vishikio vya jerikeni, lakini huo naokota bure. "Mtutu wa chuma" nao ni mrija wa wino wa kalamu ya biki uliopakwa rangi ya fedha. Bunduki ya Boys ya kupiga deraya ilikuwa na urefu wa takriban mita 1.57, hivyo kwenye 1/35 bunduki nzima ni milimita 45 na mtutu wake hauzidi milimita moja kwa unene. Huo mrija una milimita 3. Hata kwa macho tu ungejua.

Stika za maji zimepigwa printa ya kawaida kwenye karatasi ya stika ya dukani. Ukizichovya, wino unatoka wote unabaki na maji ya zambarau. Na karatasi ya maelekezo ni fotokopi iliyorukwa kurasa, inakuambia chukua kipande A12 uunganishe na B7. Boksi lenyewe halina A wala B, vipande vimetupwa tu ndani ya mfuko wa nailoni. Hizo namba ni za fremu zinazoshikilia vipande vya ile seti ya plastiki aliyoiiba.

Nije kwenye historia, maana ndiyo chambo anachotumia kuwavuta watu wa huku kwetu. Tangazo lake linaandika "gari la KAR, El Wak 1940", na kuna waliolinunua kwa sababu babu zao walikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). El Wak ni kweli ilipigwa tarehe 16 Desemba 1940, pale mpakani na Somalia ya Waitaliano, na waliopiga ni brigedi ya Afrika Kusini na brigedi ya Gold Coast (Ghana ya leo). Askari wa KAR walikuwa na kazi kubwa mbele ya safari: Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Marmon-Herrington za vita hivyo vya kutoka Kenya ni zile za Mk II zenye mnara wa bunduki wa mviringo kama sufuria, na rashasha mbili za Vickers, moja mnarani na nyingine ubavuni kushoto. Anachouza yeye kina mnara wa pembe nane wenye Boys na rashasha nyepesi ya Bren, ambao ni wa aina iliyokusudiwa Mashariki ya Kati. Na ile picha ya modeli iliyokamilika kwenye tangazo si Mk II kabisa: ni Mk III, fupi zaidi, ekseli kwa ekseli inchi 117, na nyuma haina milango miwili kama Mk II. Yaani picha ni ya gari moja, boksi ni la gari la pili, na hadithi ni ya gari la tatu.

Picha hiyo pia si yake. Ukiipeleka kwenye utafutaji wa picha wa Google utaikuta kwa mjenzi wa nje, kubwa zaidi, na jina lake liko kwenye kona ambayo huyu ameikata. Kazi nzuri mno, vumbi limekaa kwenye mikunjo ya madigadi kama lilivyo vumbi. Inauma kuona jasho la mtu linatumika hivyo.

Anavyolipwa ni hivi. Hakubali kukutana, hata ukiwa mtaa mmoja naye. Ukimwomba video fupi ya vipande, anasema boksi likifunguliwa linapoteza thamani. Anataka pesa yote mbele kwa M-Pesa, kwa "namba ya kaka", na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha halifanani na lake wala la kaka aliyemtaja. Hapo ndipo pa kubonyeza ghairi. Ukishatuma, anakuletea picha ya kifurushi kwenye ofisi ya basi, na kifurushi kinafika kweli. Huo ndio ujanja wake: kwa kuwa umepokea kitu, unaona haya kusema umeibiwa. Ukilalamika anakuwa mpole ajabu, "pole sana mkubwa, lilichanganyika", kisha anaomba utume 800 za kurudishia mzigo ndipo akurudishie zako. Mmoja alituma. Baada ya hapo simu haipokelewi na picha ya wasifu imetoweka.

Ukigundua mapema, upo Kenya, peleka ule ujumbe wa muamala kwenye 456 mara moja. Akiwa ameshatoa pesa kwa wakala, hairudi, kwa hiyo usikae ukisubiri ahadi zake. Ujumbe wa kitapeli wenyewe upeleke 333. Walio Tanzania wanatuma 15040. Na msidharau kituo cha polisi: andikisha upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), hata kama karani atacheka kusikia unashitaki juu ya gari la kuchezea. Malalamiko matatu juu ya namba moja ya simu ni kitu kingine kabisa na la mmoja. Hifadhini boksi, karatasi ya basi na mazungumzo yote. Msifute kwa hasira.

Kwa ambao tayari wanayo na wameamua kuijenga hivyohivyo, naomba sana jambo moja la afya. Resini hii haikuchanganywa sawasawa, kuna sehemu bado zinanata na zinanuka. Zinazonata zitupe, hazitakauka tena. Zilizokauka zisiguswe na msasa mkavu ndani ya nyumba, vumbi lake ni jembamba na linakwenda moja kwa moja mapafuni. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa nzuri, na watoto wakae mbali. Mmoja wa wanunuzi alikuwa amempa kijana wake wa miaka kumi asugue kwenye zulia la sebuleni. Kabla ya praima (rangi ya msingi), osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na mswaki wa zamani, kwa sababu vina mafuta ya kalibu na rangi itabanduka kama ngozi. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, pesa ya filla na praima utakayoimalizia hapo ni nusu ya bei ya seti halali. IBG ya Poland imewahi kutoa Mk II ya plastiki kwa kipimo hichohicho. Changishaneni watu wachache muagize pamoja, nauli ya mzigo inagawanyika.

Wiki hii ameibuka tena na ukurasa mpya. Safari hii ni Tiger ya Tunisia, kifaru cha Wajerumani, "resini halisi, minyororo ya chuma", na mkeka wa kukatia ulio kwenye picha ni uleule wa picha zake za awali, wa kijani wenye doa la kuungua kona ya kulia. Mnyororo wa Tiger wa vitani ulikuwa na upana wa milimita 725, kwa hiyo kwenye 1/35 unatakiwa uwe karibu milimita 21. Mwambieni auweke kando ya rula aupige picha. Kuna mdau amemwomba hivyo jana, akablokiwa kabla ya tiki kugeuka buluu.