Mhasibu aliyefungua daftari langu kabla ya kuwasha kompyuta

Nina chumba cha ushonaji hapa Nakuru, karibu na soko la Wakulima. Mafundi watatu, sare za shule. Kazi ya kodi nilikuwa nampelekea kijana wa sayba, duka la intaneti: namlipa 500, ananipa karatasi, narudi kwenye cherehani. Aliniambia fundi wa mshahara wa 20,000 hana kodi, kwa hivyo hakuna cha kujaza. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili niliijua siku fundi wangu mjamzito alipofika kliniki akaambiwa mwajiri wake hajalipa chochote SHA, bima ya afya ya serikali. Sikulala usiku huo.

Jirani wa duka la viatu ndiye aliyenielekeza kwa mama huyu mhasibu. Ofisi ni chumba kimoja ghorofani, meza moja, viti viwili. Nilidhani ataniomba nenosiri la iTax, tovuti ya kodi ya serikali. Wapi. "Mama Ciru, lete daftari la mishahara kwanza." Nikalitoa mkobani, vipande vya uzi vikamwagika mezani. Akavipangusa kwa kiganja, akaanza kusoma ukurasa baada ya ukurasa.

Kisha akaniandikia hesabu ya fundi mmoja. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kweli inaisha, kwa sababu kila mwezi kodi hiyo hupunguzwa 2,400. Lakini SHIF, mchango wa ile bima ya SHA, ni asilimia 2.75 ya mshahara, yaani 550. Ushuru wa nyumba, makato ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ni 300 kwa fundi na 300 kwangu. NSSF, akiba ya uzeeni, 1,200 kwake, 1,200 kwangu. Fundi anabaki na 17,950, nami naongeza 1,500 juu ya mshahara. Yote yawe yamefika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ritani ya PAYE, yaani fomu ya taarifa ya kodi, ijazwe hata kama kodi ni sufuri. Ile 17,950 akaizungushia kalamu nyekundu, akaniangalia. "Umekuwa ukiwapa 20,000 nzima?" Nikasema ndiyo. "Basi ya nyuma usiwadai. Utatoa mwenyewe." Sikubishana. Ushuru wa nyumba peke yake huongezewa asilimia 3 kwa kila mwezi uliochelewa, kwa hivyo tulianza na huo siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimeshika mkoba niondoke aliponiuliza kama nyumba tunayokaa ni ya mkopo. Ni ya mkopo wa benki, kwa jina la mume wangu, mwalimu. Mwaka 2025 alilipa riba ya 214,000 na hakuwahi kuiweka kwenye ritani yake. Kumbe riba ya nyumba unayoishi mwenyewe hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi, hadi 360,000 kwa mwaka; kiwango hicho kilipandishwa kutoka 300,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa mshahara wake hiyo ni nafuu ya 64,200. Alichotakiwa kuleta ni cheti cha riba kutoka benki, na ritani iingie kabla ya Juni 30. Mambo ya kukodisha vyumba vya nyuma tuliyagusa tu: kodi ya serikali ni asilimia 7.5 ya pango lote unalopokea, bila kutoa gharama za ukarabati.

Ananitoza 4,500 kwa mwezi, na 15,000 ya kusafisha yaliyopita. Si kidogo kwa mtu wa cherehani tatu, na bado naona ni haki. Kasoro yake ni simu. Hapokei, na Juni foleni inafika ngazini. Niliwahi kusimama saa mbili na nusu. Pia hufafanua kwa mdomo tu, kwa hivyo nenda na kalamu.

Ukienda, chukua daftari lako lenyewe, hata kama limechakaa, na uende wiki ya mwisho ya mwezi. Ukifika tarehe 8 utamkuta, ila hatakuwa na muda wa kukuuliza maswali.